Upendo Usiokubali Kutengwa

Tumo katika zile siku 40 za Kwaresima tulizozianza Jumatano ya Majivu, na mbele yetu uko Msalaba, kisha kaburi lililo wazi. Leo ningependa tutafakari pamoja swali ambalo Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Rumi, sura ya 8, kuanzia mstari wa 35. Aliuliza kama liko jambo lolote liwezalo kututenga na upendo wa Kristo. Akataja dhiki na njaa, akataja hatari na upanga, kisha akajibu mwenyewe kwamba halipo.

Sisi wa pande hizi za Mandera, ambako Kenya imepakana na Ethiopia na Somalia, neno hilo "kutenga" tunalijua kwa uchungu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na watu wa Al-Shabaab. Abiria wakatengwa, Waislamu huku na wasio Waislamu kule, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa karibu na mji wa Mandera. Na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, baadhi yao wakiwa katika maombi ya alfajiri. Siku ile ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ambayo Kanisa hukumbuka Bwana akila chakula cha mwisho na wanafunzi wake.

Basi, ndugu msikilizaji, utaelewa ni hofu gani iliyowaingia abiria wa basi jingine, tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak. Walikuwa wakitoka Nairobi kuja Mandera. Bunduki zililia, basi likasimama, na amri ikatolewa ile ile: Waislamu wajitenge na Wakristo. Lakini safari hii amri haikufuatwa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Abiria Waislamu wakawaambia wale wenye bunduki kwamba ama wawaue wote pamoja, ama wawaache wote. Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo, lakini wale waliotaka kuwatenga abiria waliondoka bila kulitimiza kusudi lao.

Mmoja wa waliokataa kujitenga alikuwa mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi, Mwislamu. Yeye aliambiwa wazi kwamba akiwa Mwislamu yu salama. Hakwenda. Akapigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Kumbukeni kwamba wakati huo shule nyingi za kwetu zilikuwa hazina walimu, maana wale waliotoka bara walikuwa wamekimbia. Mwalimu huyu alitoa maisha yake kwa ajili ya wageni katika nchi ambayo wageni walikuwa wanaikimbia.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ni kweli ilikuwa ushujaa. Lakini katika Kwaresima naomba tuitazame kwa jicho jingine. Salah Farah alikuwa na ruhusa ya kuondoka. Mlango ulikuwa wazi kwake, naye akabaki na wale ambao mlango wao ulikuwa umefungwa. Hapo ndipo ninapouona mfano wa jambo ambalo Mtume Paulo analieleza katika Wafilipi, sura ya 2. Bwana wetu alikuwa na utukufu wake, wala hakuna aliyeweza kumlazimisha auache. Akauacha kwa hiari, akawa mwanadamu, akatii hata mauti. Na alipotundikwa msalabani walimdhihaki wakimwambia ashuke. Angeweza. Lakini kama angeshuka, angejitenga nasi, naye hakukubali. Upendo wa Mungu ndio huo: Mungu mwenye ruhusa ya kwenda zake, aliyebaki nasi.

Pengine mwenzangu mmoja anayenisikiliza atasema, "Mchungaji, hayo ni mema kwa waliopona. Na wale wa mwaka 2014? Na wale wanafunzi wa Garissa waliokufa wakiomba? Upendo wa Mungu ulikuwa wapi?" Swali hilo halifai kujibiwa upesi upesi, hasa mbele ya mama aliyemzika mwanawe. Mimi nashika neno moja tu. Bwana Yesu naye aliomba usiku ule kule Gethsemane, na kikombe hakikuondolewa. Alitengwa na watu wake, akatolewa nje ya lango la mji, akauawa kule. Kwa hiyo mtu anapotengwa na kupelekwa kando ili afe, anamkuta Kristo amekwisha kufika mahali pale kabla yake. Paulo hakusema kwamba upanga hautatugusa. Hata yeye mwenyewe aliteswa sana. Alisema kwamba upanga hauna nguvu ya kukata kamba ile inayotufunga na upendo wa Mungu. Huo ndio msingi tunaosimama juu yake siku ya matanga, hata kama machozi hayajakauka.

Sasa, ikiwa tumependwa hivyo, Kwaresima yetu iwe ya namna gani? Nabii Isaya, katika sura ya 58, anatuonya kwamba kufunga kusikomgusa mwenye njaa si kufunga anakokutaka Mungu. Hapa kwetu kuna mambo tunayoweza kuyafanya. Ukame ule wa tangu mwisho wa 2020, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, ulitufundisha kwamba kiu haiulizi mtu ni wa dini gani. Mtungi wa maji ni mtungi wa maji. Katika miaka ya karibuni Kwaresima na Ramadhani zimekutana. Mwaka 2025 jirani zetu walianza kufunga siku chache tu kabla ya Jumatano yetu ya Majivu. Mpelekee jirani yako tende za kufuturu. Mwulize hali ya mgonjwa wake.

Na watu wanapoketi kunywa chai wakaanza kutenga, wakisema kabila hili ni hivi, ukoo ule ni vile, dini ile haina watu wema, wewe kataa kuhama upande wako. Sema kwa upole, "Huyo ni mwenzangu." Watu wachache wataitwa kusimama mbele ya bunduki. Lakini kila mmoja wetu, kabla jua la leo halijazama, ataombwa amtenge mtu fulani, na jibu lake litaonyesha kama ameuelewa Msalaba.

Bwana alipoulizwa jirani ni nani, katika Luka 10, alimtaja Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa na wasikilizaji wake. Tusione haya kujifunza upendo kwa mwalimu Mwislamu wa Mandera.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe hukutuacha tulipokuwa mbali nawe. Wafariji waliofiwa katika nchi hii, Wakristo na Waislamu. Wageuze mioyo wanaoua. Tupe sisi nguvu ya kubaki na wenzetu, kama Mwanao alivyobaki nasi mpaka mwisho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.