Daftari la Damu

Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu wa Mtawanya, na nyinyi vijana mnaohitimu leo,

Yupo kila kijijini mzee ambaye akienda hatua chache shavu la mguu humkaza, akasimama, maumivu yakatulia, akaendelea na safari yake. Naye husema ni uzee, ilhali ni mishipa yake iliyozibwa na mafuta, ambayo tumbaku na kisukari huzidi kuidhuru hata kidole kikashikwa na donda ndugu na mguu ukakatwa.

Mzee huyo tabibu humpa klopidogreli ili damu isigande. Lakini dawa hiyo haina nguvu mpaka igeuzwe na kimeng'enya cha ini, kinachotengenezwa kwa amri ya jeni iitwayo CYP2C19, ambayo baadhi ya waja wameirithi ikiwa dhaifu, wakaimeza dawa bila kufaidika ipasavyo. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru tahadhari juu ya jambo hilo iandikwe wazi. Kupima vinasaba kabla ya kutibu, basi, ni kutaka kujua mapema nani atanufaika. Wala si ramli, kwa kuwa ramli haikubali kusahihishwa.

Ila utabiri huo hutegemea daftari la waliokwisha kupimwa, na humo Waafrika ni wachache mno: mwaka 2020 watafiti wa mradi wa vinasaba wa H3Africa, walipochunguza jenomu za watu 426 tu, walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 zisizopata kuandikwa popote. Na faida iliyofichika humo ni ya walimwengu wote, kwani huko Dallas Wamarekani weusi wachache, wenye jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi na mafuta machache damuni, ndio walioelekeza wataalamu kwenye dawa ambazo leo hupunguza hata hatari ya madhara makubwa ya mguu.

Nayo Rufiji yetu haikuanza leo kuandikwa. Tangu 1998 wadadisi wamepita nyumba kwa nyumba wakiandika vizazi na vifo, na hesabu hizo zikaiongoza halmashauri kupanga fedha za afya kwa kufuata maradhi yanayoua, si kwa mazoea. Wazazi wenu walijibu maswali yale kwa subira. Nyinyi, kwa ajili ya daftari hili la vinasaba, mtaombwa tone la damu: toeni kwa hiari yenu, lakini ulizeni kwanza litahifadhiwa wapi, nani atalisoma, na majibu yatarejea lini Mtawanya; nanyi mnaopenda baiolojia, someni mpaka msomaji wa tone hilo awe mmoja wenu.