Profesa wa Usingizi: Majina Tunayoyapa Maumivu ya Wanafunzi

Mhadhara wa kupokea uprofesa wa tiba ya magonjwa ya akili



Desturi ya mhadhara kama huu ni profesa mpya kueleza alichokigundua. Mimi naomba nianze na nilichoshindwa kukiona.

Nilipokuwa mwaka wa pili tulikaa wanne katika chumba chenye vitanda viwili vya ghorofa. Aliyelala juu yangu alikuwa na jina alilopewa na bweni zima: Profesa wa Usingizi. Vipindi vya asubuhi vilimpita kitandani. Chai haendi, chakula cha mchana anaenda kwa kuvutwa. Semesta ya kwanza alipata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Ya pili akadisko, akaondolewa chuoni. Siku ya kuondoka tulimbebea sanduku mpaka kituoni huku tukimtania kwamba sasa atalala mpaka usingizi umchoke. Alicheka pamoja nasi, akapanda basi.

Miaka ikapita. Siku moja, nikiwa najisomea kwa ajili ya mtihani, nilifungua sura ya sonona na kuanza kukariri dalili zake. Kufika ya nne nilikiweka kitabu chini. Nilikuwa nasoma habari za mtu ninayemjua.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Magonjwa ya akili hayajifichi vyuoni. Tunayaona kila siku, ila tunayaita majina mengine: uvivu, malaria, mapepo, starehe. Na ukikosea jina la ugonjwa, umekosea na dawa.

Uvivu

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya maumivu ya ndani. Tuna huzuni, simanzi, majonzi, kihoro. Sonona, jina ambalo sisi matabibu tunalitumia, limetoka katika kitenzi cha siku nyingi: moyo unaosonona ni moyo unaouma bila jeraha la kuonyesha. Lakini sonona ya kitabibu si huzuni ya kawaida iliyopewa jina la heshima. Mwenye huzuni, akija rafiki na kichekesho, uso humkunjuka japo kidogo. Mwenye sonona hata kile alichokipenda jana, iwe mpira, kwaya au simu ya mama, hakimgusi tena. Hali hiyo hukaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku.

Lipo dodoso fupi lenye maswali 9, liitwalo PHQ-9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa katika hospitali za Kenya na Tanzania. Linauliza kuhusu raha, huzuni, usingizi, nguvu, hamu ya kula, kujiona hufai, umakini, uzito au mahangaiko ya mwili, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Nawaomba wahadhiri wenzangu tuyatazame manne kati ya hayo: usingizi, nguvu, umakini, na mwili kuwa mzito. Hayo manne ndiyo tunayoyajumlisha na kuandika pembeni mwa jina la mwanafunzi: mvivu.

Tena sonona ina wizi wake wa usingizi. Wengi huamka saa tisa usiku, macho makavu, na hawalali tena. Kunapopambazuka, wenzao wanapoamka, wao ndiyo kwanza mwili unazama. Anayepita mlangoni saa nne asubuhi atamkuta mtu amejifunika shuka na atasema anapenda kulala. Hajui kuwa huyo amekesha.

Malaria

Nendeni kwenye zahanati ya chuo chochote wakati wa mitihani, mtaikuta foleni. Kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, tumbo linakoroga, vidole vinakufa ganzi. Kipimo cha malaria kinaonyesha hakuna kitu. Mgonjwa anapewa dawa ya maumivu, na pengine anaambiwa ana "taifodi kidogo", ili asiondoke mikono mitupu.

Mwanafunzi huyo hadanganyi. Wasiwasi ni ugonjwa unaosema kwa mdomo wa mwili, na wazee wetu walilijua hilo: mwenye wasiwasi ana tumbo joto, roho yake iko juu. Wasiwasi kidogo una faida. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba katika kujifunza jambo gumu, msukumo wa wastani husaidia na uliopita kiasi huharibu. Tatizo huanza pale kengele ya hatari inapolia hata kusipokuwa na moto. Kuna wanaopatwa na mshtuko wa ghafla wa hofu: kifua kinabana, pumzi inakata, mtu anaamini anakufa. Hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hupoa wenyewe. Lakini aliyepatwa mbele ya darasa ataogopa darasa lenyewe. Kila anapokwepa kuwasilisha kazi yake, anapata nafuu ya siku moja, na nafuu hiyo ndiyo mshahara wa hofu; kesho itarudi kazini. Ndiyo maana tiba ya mazungumzo iliyothibitika humfundisha mtu kuyapima mawazo yake na kukirudia kidogo kidogo kile anachokikimbia.

Mapepo

"Kasoma mpaka kachizika." Nani kati yetu hajaisikia? Kijana wa mwaka wa pili anaanza kusikia sauti asizozisikia wengine, anaamini wahadhiri wanamfuatilia kwa simu, hajioshi. Kijijini wanasema vitabu vimemzidi. Wengine wanasema ametupiwa kitu kwa husuda.

Vitabu havina hatia. Mwaka 2005 Ronald Kessler na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, wakaonyesha kwamba nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote huwa yameshaanza kufikia miaka 14, na robo tatu kufikia miaka 24. Skizofrenia, ugonjwa wenye dalili kama hizo za kijana yule, huanza zaidi kati ya mwisho wa utineja na miaka ya ishirini, na baipola, ule ugonjwa wa hisia kupaa na kuporomoka, mara nyingi hufuata kalenda hiyo hiyo. Sasa tazameni sisi tunampokea nani. Tunampokea kijana wa miaka 19 au 20. Ugonjwa na barua ya udahili vimefika kwa basi moja, nasi tunasema barua ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Sisemi hivyo ili kumfukuza shehe au mchungaji. Mwaka 1954 daktari Mnaijeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza mpango wa kijiji cha Aro, karibu na Abeokuta, ambako wagonjwa walipangishwa katika nyumba za wanakijiji huku wakitibiwa, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Alielewa kwamba mgonjwa ana watu na ana imani. Dua iendelee; ila isingojewe iishe ndipo twende hospitali, maana kadiri ugonjwa wa namna hii unavyokaa bila dawa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Starehe

Hapa sitakawia. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, linapoingia, tunaona vijana wakinywa na kubeti, tunasema ni ujana. Wengi wao ni ujana kweli. Lakini yupo anayekunywa ili alale, na yupo aliyeweka ada kwenye mkeka wa kubeti, mkeka ukachanika, akakopa aweke mwingine ili arudishe ile ada. Shirika la Afya Duniani linauorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa magonjwa. Mtu wa namna hiyo hatibiwi kwa mahubiri juu ya matumizi mazuri ya fedha.

Ukubwa wa jambo

Mwaka 2018 matokeo ya utafiti uliofanywa chini ya mwavuli wa Shirika la Afya Duniani yalichapishwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza 13,984 kutoka vyuo 19 vya nchi 8 waliulizwa, na asilimia 35 walikuwa wamewahi kupata angalau moja ya matatizo ya kawaida ya akili yaliyoulizwa. Nchi ya Afrika ilikuwa moja tu, Afrika Kusini, kwa hiyo siwezi kuinyanyua tarakimu hiyo na kuitua Dodoma au Eldoret. Inatosha kutuambia kwamba hatuzungumzii watu wawili watatu.

Baadhi yao hufikia kuwaza kujiua. Hapo jina tunalotumia ni baya kuliko yote: kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inamtaja aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Nchi yenye kifungu hicho inamfundisha kijana kunyamaza. Nanyi mnaokaa nao vyumbani, shikeni hili: kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa mahali pa kulitua. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

Benchi

Madaktari wa fani yangu ni wachache, na hata tungekuwa wengi, hatulali bwenini. Kwa hiyo jifunzeni kwa akina bibi wa Harare. Mwaka 2006 daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kazi na akina bibi 14 wa kitongoji cha Mbare. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutumia jina la Kishona wanalolitumia wenyeji: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema, ana mawazo. Mwaka 2016 matokeo yakachapishwa: kati ya watu 573 walioandikishwa, baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na akina bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika Malawi na hata Zanzibar.

Nikitazama chuo chetu, mabibi tunao: walezi wa mabweni, viongozi wa madarasa, mama ntilie wa getini anayejua nani ameacha kula tangu juma lililopita. Wafundishwe kusikiliza na kujua wampeleke mtu wapi. Zahanatini, kipimo cha malaria kikirudi safi, yaulizwe yale maswali 9. Hayamalizi dakika tano. Na Seneti irahisishe kuahirisha masomo kwa ugonjwa wa akili kama inavyorahisisha kwa mguu uliovunjika, kabla mtu hajadisko, si baada.

Namalizia nilipoanzia. Nimesema yule ndugu alilala kitanda cha juu. Kitanda kile kilikuwa cha mbao, nacho kililia kila aliyelala juu alipojigeuza. Nilikisikia kikilia saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, usiku baada ya usiku, muhula mzima. Asubuhi niliungana na wenzangu kumwita Profesa wa Usingizi. Katika bweni lile lote, mtu pekee aliyekuwa na ushahidi kwamba halali nilikuwa mimi.

Leo uprofesa mmenipa mimi. Nimeupokea kwa deni.