Kuyakata Maneno Marefu ya Kiingereza

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kitengela na Kajiado



Leo tuna kazi ya kisu. Hapa Kitengela ranchi ya pamoja iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo karatasi za ardhi zinaingia manyumbani. Nyingi ni za Kiingereza. Mtu anaona neno refu, anaogopa, anaweka kidole.

Sasa tazameni neno letu: hatutawauzia. Nalo ni refu, lakini nani analiogopa? Ha- inakataa, -tu- ni sisi, -ta- ni wakati ujao, -wa- ni wao, -uz- ndiyo kazi yenyewe. Mnalikata bila kufikiri. Kiingereza nacho hukatika.

Chukueni "irrevocable". Kwa kulisoma, likate kwa silabi: ir-rev-o-ca-ble, tano, sauti ikipanda kwenye rev. Hiyo ni ya mdomo tu. Kwa kulielewa, kata pengine: ir ni "si", re ni "kurudi", voc ni "kuita", able ni "yawezekana". Yaani ukishatoa, huwezi kuita irudi. Neno hili hupatikana kwenye karatasi ya kumpa mtu uwezo wa kutia sahihi kwa niaba yako. Ukilikuta hapo, weka kalamu chini, mtafute wakili wako mwenyewe, si yule wa mnunuzi.

Lingine, "consent". Con ni pamoja, sent ni kuhisi: kukubaliana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. (Ndoa ya wake wengi ina maelezo yake, tutayafikia.) Basi mama akiambiwa "weka tu hapa", aulize kwanza neno hilo liko wapi.

Lakini kisu hukosea. "Inherit" ina in mbele, wala haikatai kitu, ni kurithi tu. Na "undertaking" wengi hukata un wakidhani ni "si". Kumbe ni under na taking, nayo ni ahadi, kwa mfano ya wakili kwamba pesa zitalipwa. Hapo ulizeni kamusi. Moja ikikaa kwa katibu inatosha kikundi kizima.

Mkutano ujao kila kikundi kilete karatasi moja, nakala jamani, si hati yenyewe. Tutaanza na "encumbrance", lile la sehemu C ya rejista ya ardhi, panapoandikwa mikopo inayolishika shamba.