Kwa nini nesi hakuandika morfini

Leo tuzungumze juu ya swali linaloleta ugomvi mlangoni mwa kliniki. Mama ana kansa, analia usiku kucha. Mwanawe anakwenda kwa nesi kuomba dawa kali ya maumivu. Nesi anasema, "Hiyo siwezi kukuandikia." Kijana anaondoka na hasira: wanatunyima kwa sababu sisi ni wakimbizi.

Mara nyingi sababu si hiyo, ndugu. Morfini inalindwa na sheria karibu dunia nzima, kwa mapatano ya mwaka 1961. Anayeiandika lazima awe na ruhusa, na awe amefundishwa.

Anafundishwa nini? Kuanza na kipimo kidogo. Kumpa mgonjwa ile ya maji kila saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Kuongeza dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo, na watu wengine huacha kuinywa kwa sababu hiyo tu. Kutambua hatari: mgonjwa analala haamki, anapumua polepole mno. Asiyejua hayo anaweza kuua kwa huruma yake. Naye anayeiogopa kupita kiasi anamwacha mtu ateseke bure, na kwangu hilo nalo ni kosa kubwa.

Uganda walikuwa na shida hii: madaktari wachache, vijiji mbali. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilileta morfini ya kunywa. Dawa ikawepo, wa kuiandika hakuna. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu pia manesi na maofisa tabibu, wakishasomea miezi tisa namna ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona.

Kwa hiyo nesi akikataa, usimgombeze. Muulize, "Mama, nani anaruhusiwa kuiandika?" Omba barua ya kwenda hospitali kubwa, kama St Paul's pale Kashikishi. Ukifika, eleza maumivu yako wapi, yanazidi saa ngapi, na dawa gani mgonjwa ameshakunywa.

Vidonge vya sokoni visivyo na jina, vilivyovuka ziwa mfukoni mwa mtu, viacheni. Na chupa iliyobaki baada ya mgonjwa kufariki msimpe jirani. Irudisheni kliniki, kabla mtoto hajaifungua.