Buton inafanya kile uliyeandika unataka



Kila siku tunagonga buton kwa telefoni. Lakini nani anaamua kile buton itafanya? Ni yule aliyeandika programu. Tunataka huyo awe pia kijana wa Maniema.

Luga ya kuanzia ni JavaScript. Brendan Eich aliitunga mwaka 1995, na leo kila kivinjari, Firefox ao Chrome, kinaielewa. Kujizoeza hakuombi intaneti. Mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi: intaneti ilikatwa, ikarudi karibu wiki tatu nyuma. Hata siku kama zile faili yako iko ndani ya ordinateri, na kivinjari kinaifungua. Batri tu iwe na moto.

Zoezi letu ni hili. Mchimbaji wa kasiterite analeta mifuko miwili kwa mizani. Weka kwa ukurasa nafasi mbili za kuandika kilo, buton moja, na mahali pa jibu. Andika kazi ya kujumlisha, uiite jumlisha. Kisha, mwishoni mwa ukurasa:

document.querySelector("button").addEventListener("click", jumlisha);

Maana yake: ewe buton, sikiliza, mtu akikugonga, fanya jumlisha.

Muangalie mambo mawili. Kwanza, pale musiandike jumlisha(). Yale mabano yanaamuru kazi ifanyike sasa hivi, mbele mtu hajagonga. Pili, kile mtu anaandika katika nafasi kinafika kama maandishi, si kama hesabu. 30 na 20 zinashikamana, zinakuwa 3020. Geuza kila moja kwa Number(), utapata 50.

Mchimbaji ana haki ya kujionea hesabu ya mali yake, asingoje tu kalkuleti ya mnunuzi. Ndiyo maana zoezi hili si muchezo.

Wiki hii kila mmoja aandike buton yake, aonyeshe mwenzake. Mwenye ordinateri akae na wawili wasio nayo. Ikiwa tayari, wekeni usikivu ule kwenye zile nafasi mbili, na pahali pa "click" muandike "input": jibu litabadilika mtu akiwa angali anaandika.

Tusingoje Kinshasa itufundishe. Tuko pamoja, twende kazi!