Mbolea ya Mkopo, Mbolea ya Ruzuku na Mkulima wa Tumbaku

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wageni wa Dayosisi)



Tunaulizwa mara kwa mara, na swali ni la haki: kwa nini wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge hawaachi tumbaku, zao linalowachosha, linalokula kuni za miombo, na ambalo fedha yake huchelewa? Wengine hudhani ni ukaidi. Sisi tunaona jibu limo ndani ya mfuko wa mbolea.

Mkulima wa tumbaku hanunui mbolea kwa fedha taslimu. Chama chake cha Msingi huingia mkataba na kampuni inayonunua, hukopa benki, na mbolea hufika kijijini. Sehemu yake, tusifichane, huishia kwenye mahindi. Siku ya malipo deni hukatwa kwanza, ndipo mkulima hupewa kinachobaki. Na kwa kuwa mkopaji ni chama, mwanachama akishindwa kulipa, au akitorosha tumbaku yake kwa mnunuzi mwingine, wenzake hubeba mzigo. Mama mjane mwenye ekari moja, aliyepata daraja zuri kwa mteuzi, anaweza kurudi nyumbani na fedha pungufu kwa sababu ya deni la jirani.

Mazao mengine je? Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali ilitoa vocha za pembejeo kwa mahindi na mpunga. Vocha ilifidia karibu nusu ya bei, na nusu nyingine mkulima aliitoa mfukoni. Wako walioikosa hiyo nusu wakaziachia vocha kwa wakala kwa fedha kidogo. Mwaka 2022, mbolea ilipopanda bei dunia nzima, Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 za ruzuku, na mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umevuka shilingi 130,000, ukashuka hadi 70,000. Ni msaada mkubwa na tunaushukuru. Lakini bei ya ruzuku hulipwa taslimu, na hutakiwa mwanzoni mwa mvua, wakati nyumba nyingi zinahangaikia hata unga. Ruzuku hushusha bei, haikopeshi. Basi mkulima anarudi chamani kusaini makisio ya tumbaku.

Marafiki wa Ulaya mtuvumilie kidogo hapa. Umoja wa Ulaya uliwalipa wakulima wake wa tumbaku, hasa wa Italia na Ugiriki, karibu Euro bilioni moja kwa mwaka, hadi mageuzi yaliyopitishwa mwaka 2004 yalipoanza kuyaondoa malipo hayo. Mwaka huo huo Marekani ilifuta mfumo wake wa mgawo wa tumbaku, na kuanzia 2005 wakulima na wenye mgawo wakalipwa fidia kwa miaka kumi, jumla karibu dola bilioni 10, zilizotozwa kampuni za tumbaku. Wa kwetu akiacha, huondoka na deni.

Majirani zetu wa Migori, Kenya, wameonyesha njia inayofaa kutazamwa. Tangu mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali ya Kenya yamewasaidia wakulima kuhamia maharage yenye madini ya chuma kwa wingi. Kilichotuvutia si mbegu bali mpangilio wake: mikopo midogo ya kumaliza madeni ya kampuni, mafunzo, na mnunuzi anayejulikana.

Kwa hiyo wafadhili tunawaomba mchango wa mfuko wa mzunguko wa mbolea ya mahindi na alizeti, unaolipwa baada ya mavuno. Semina tumeshafanya za kutosha. Kamati nazo zianzishe akiba wakati wa malipo ya tumbaku, fedha ikiwa bado ipo, ifunguliwe mvua zinapokaribia. Pia zihakikishe kila kaya imo katika daftari la wakulima, maana asiyeandikishwa hauziwi kwa bei ya ruzuku. Na tusimseme vibaya mkulima wa tumbaku madhabahuni. Baadhi ya mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu yametoka kwenye sadaka zake.