Disko matanga: tusiwalaumu vijana peke yao

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma



Leo nataka tuseme wazi juu ya disko matanga. Nyote mnaijua. Mtu amefariki, mwili uko mochari, bili ya hospitali bado. Usiku wa kuamkia mazishi spika na jenereta zinakodishwa, na vijana wanakuja kutoka kila kijiji. Wanatoa pesa ili wimbo upigwe, na pesa hiyo inasaidia mazishi. Lakini gizani huko ndiko msichana wa shule anakopatia mimba. Ndiko kuna pombe, bangi na hatari ya Ukimwi.

Serikali imepiga marufuku mara nyingi. Je, imekwisha? Haijaisha! Kwa nini?

Kwanza, ni gharama. Mara nyingi wafiwa wanakubali disko kwa sababu hawana pesa. Pili, kijana hana pengine pa kwenda. Mchana anaendesha boda boda au anafanya kibarua katika mahindi. Jioni hakuna anayemtaka. Sisi wenyewe tukimwita ni kubeba viti tu.

Wabukusu wana kumuse. Baada ya mazishi, mzee hodari wa maneno husimama mbele ya watu, akafariji wafiwa na kuwaonya walio hai. Kijana alirudi nyumbani na mafunzo. Leo anarudi na nini?

Basi tufanye hesabu. Kikundi cha watu 30, kila mtu atoe shilingi 50 kwa mwezi. Hiyo ni 1,500 kwa mwezi, na 18,000 kwa mwaka. Haimalizi kila kitu, lakini mfiwa ana pa kuanzia kabla ya kutafuta spika.

Tena, tuweke vijana wawili kwenye kamati, msichana na mvulana, na mmoja ashike kitabu cha pesa. Jumamosi mchana tuwe na mpira, kwaya na ngoma. Muziki si dhambi, wazazi wangu. Ubaya ni giza na mtoto asiye na wa kumwangalia.



Maswali ya kujadili kikundini:
1. Katika kijiji chetu, nani hulipa gharama za mazishi?
2. Vijana wangapi wako katika kamati yetu? Wana kazi gani?
3. Tutaanza mfuko wa mazishi lini?